Je, Wajua? Vuga kwa ndege, bila tiketi

Mtu aliyeketi Lushoto na kompyuta yenye intaneti anaweza kurusha ndege ndogo ya Cessna 172 juu ya Vuga, kwenye milima ya Usambara, bila kupakua programu yoyote. GeoFS, mchezo wa kurusha ndege uliotengenezwa na Mfaransa Xavier Tassin, hufunguka ndani ya kivinjari na kumtandazia rubani dunia nzima kwa picha za setilaiti.

Kutoka Tanga hadi Vuga, angani, ni chini ya kilomita 100. Cessna humaliza ndani ya nusu saa. Februari 1857 Richard Burton na John Speke walitoka Pangani, wakasafiri kwa siku kadhaa hadi Vuga ili wamwone Kimweri, mtawala wa Washambaa.

Rubani ajihadhari na Mombo. Kutoka hapo hadi Lushoto ardhi hupanda karibu mita 1,000, na miinuko hiyo imo kwenye mchezo. Akigonga mlima, anaanza upya tu.

Na milima yote hiyo ilipimwaje? Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kilipima kwa rada asilimia 80 ya nchi kavu duniani, Usambara ikiwemo, kwa siku 11.