Bandari Ifuatayo Maji: Mtaa wa Wachuuzi katika Ghuba ya Ferguson

Aingiaye Mji wa Kale wa Mombasa huona nyumba za mawe, milango ya nakshi, na maghala yaliyo karibu na bandari ya majahazi. Wafanya biashara wa zamani wamekwisha kufa, lakini kuta zimebaki. Ghuba ya Ferguson, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, nayo ni bandari ya biashara. Ila mtaa wake haukujengwa kwa mawe, wala haukai mahali pamoja.

Toka Lodwar mpaka Kalokol ni mwendo wa kilomita 60 hivi, na hapo harufu ya samaki humpokea mgeni kabla ya mwenyeji yeyote. Ng'ambo ya maji ni rasi ya mchanga ya Longech, penye nyumba za makuti ya mikoma. Samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha hufungwa mitumba na kupakiwa katika malori yaendayo Kitale na Kisumu; wengine hufika hata Kongo. Kazi hii haitaki mtambo. Yataka jua, nalo huko halina uhaba.

Waturkana wengi walishika nyavu baada ya ukame kuwamalizia mifugo. Basi ikaonekana vema kuwajengea kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki hapo Kalokol, kwa msaada wa Norwei, nacho kilikamilika mwaka 1981. Lakini kugandisha samaki katika joto lile kulihitaji umeme mwingi na maji safi, na gharama ikashinda faida. Mitambo ikazimwa upesi. Majengo yakageuzwa ghala ya ng'onda, shauri ambalo akina mama wa Longech wangaliweza kulitoa bila ada.

Kisha maji yenyewe yakaondoka. Ghuba hii haina kina kirefu, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Mvua ikipungua kule, huku ufuko husogea mbali. Katika miaka ya 1980 ghuba ilikauka, na mtu aliyekwisha kupoteza mbuzi wake akapoteza na samaki. Maji yaliporudi, wavuvi na wachuuzi nao walirudi. Miaka ya karibuni, hasa tangu 2020, taabu imegeuka: ziwa limepanda, likafunika nyumba na vibanda, na jamaa nyingi zimelazimika kuhama tena.

Atakaye kuutembelea mtaa huu na aulize kwanza pale Kalokol maji yamefika wapi, maana ramani ya zamani haitamfaa.