Betri ya Jua Yataka Hesabu

Ikiwa nyumba yako haijafikiwa na nguzo za umeme, na taa zako zategemea betri ijazwayo na jua, fahamu kwamba betri hiyo ni mfano wa ghala: hutoa usiku kile tu ilichowekewa mchana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200. Lakini iwapo ni ya risasi na asidi, kama zile za magari, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Betri ya namna hiyo ikiachwa tupu mara kwa mara, salfeti hugandamana juu ya bamba zake, nayo hufa kabla ya wakati. Fedha za kununua nyingine zitatoka wapi, kama si katika karo ya watoto?

Taa 4 za wati 5 kwa saa 5 hula 100; televisheni ya wati 40 kwa saa 4 hula 160; redio na simu za jamaa, 80 hivi. Jumla ni 340, na akiba ya 260 hubaki kwa siku ya mawingu. Lakini pasi ya wati 1,000, kwa nusu saa tu, humeza 500! Hivyo, pasi ya mkaa isitupwe.

Kila alfajiri, vyombo vyote vikiwa vimezimwa, pima betri. Volti 12.7 zaonyesha imejaa, zikikaribia 12.2, imefika nusu. Ikiwa hivyo na kutwa nzima jua lisionekane, usiku televisheni na ipumzike, ili mtoto apate taa ya kusomea. Akiba haiozi.