Gari likigoma Kariokor: la babu lilisukumwa likawaka, lako litakataa

Ukipitia kurasa za wauzaji magari mtandaoni utakuta maneno "push start" yameandikwa kama sifa kubwa, na bei imepandishwa kidogo kwa sababu yake. Maana yake ni kidude cha duara kando ya usukani: unakanyaga breki au klachi, unabonyeza, gari linaunguruma. Sasa nenda na maneno hayo hayo Kariokor, mwambie fundi yeyote wa makamo kwamba gari lako ni "push start", uone akigeuka nyuma kuhesabu vijana wa kulisukuma.

Na mtaa huu una historia ya kutumia mgongo. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikitumia kwenye Vita Vikuu vya Kwanza hapa Afrika Mashariki. Barabara za malori zilikuwa chache na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hivyo mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Wengi hawakurudi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa njia hiyo hiyo, na hapa Nairobi sanamu ya mpagazi iko Kenyatta Avenue, amesimama pamoja na wanajeshi wawili. Silinganishi mateso yale na kupewa soo ya kusukuma Probox. Nasema tu kwamba hapa, ukipaaza sauti kuomba msaada wa mikono, huwezi kukosa.

Swali ni kama mikono hiyo itakusaidia. Asubuhi ya baridi ya Julai, betri ikiwa imechoka, utaona gari likisukumwa hadi jasho liwatoke watu watano, na halitoi hata kikohozi. Nyuma yake kuna pikapu ya zamani iliyojaa viatu vya kupeleka sokoni, inasukumwa hatua kumi na kuwaka. Mwenye gari jipya anahisi ameibiwa. Hakuibiwa. Ni kwamba magari haya mawili hayaombi kitu kimoja.

Tuanze na kinachotokea gari la gia likisukumwa. Stata ni mota ndogo ya umeme ambayo kazi yake ni kuzungusha injini mara chache mpaka ianze kujitegemea. Ikikosekana, unaweza kutumia magurudumu. Unawasha swichi, unakanyaga klachi, unaingiza gia ya pili, gari linasukumwa hadi lipate mwendo, kisha unaachilia klachi. Nguvu inarudi nyumanyuma: kutoka kwa gurudumu hadi giaboksi, hadi injini. Gia ya pili ndiyo watu huipenda kwa sababu ya kwanza inakamata kwa ghafla mno, magurudumu yanaweza hata kuburuta badala ya kuzunguka, na aliyekuwa akisukuma anagonga kifua kwenye buti.

Hadi hapo gari la zamani na la kisasa ni sawa. Injini imezunguka. Lakini injini kuzunguka si injini kuwaka.

Chukua Peugeot 504, gari ambalo wazazi wetu hawachoki kulisifu, na lililounganishwa hapa hapa Kenya. (Na usibishane nao: 404 ilishinda Safari Rally mara nne kati ya 1963 na 1968, 504 ikashinda 1975 na 1978.) Yenye kabureta, mafuta yanavutwa na pampu inayosukumwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka, mafuta yanakuja. Kabureta haina akili yoyote: hewa ikipita kwa kasi inayavuta mafuta, basi. Kinachohitaji umeme ni cheche za plagi tu, na koili inatosheka na mabaki ya betri ambayo hayawezi kuzungusha stata hata nusu mzunguko. Ndiyo maana betri iliyolala ilikuwa kero ndogo.

Magari ya zamani zaidi yaliendelea hata kuliko hapo. Mengi hayakuwa na alteneta, yalikuwa na dainamo. Alteneta ya kawaida inataka umeme kidogo kutoka kwa betri ili ianze kutengeneza umeme. Bila hiyo inazunguka bure. Dainamo ina sumaku iliyobaki ndani ya chuma chake, kwa hivyo ukiizungusha vya kutosha inajianzia. Ndiyo siri ya zile hadithi za mzee wako kwamba Volkswagen yake iliwaka betri ikiwa imekufa kabisa. Huenda hasemi uongo. Na Land Rover za miaka ile zilikuwa na tundu la kupitisha hendeli ya chuma mbele, unazungusha injini kwa mkono peke yako. Hendeli ilivunja mikono ya watu duniani kote, na ndiyo sababu Cadillac ilipoleta stata ya umeme 1912 wenye magari walishukuru.

Halafu kuna dizeli ya zamani, mfalme wa kusukumwa. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa joto la kubana hewa. Ikiwa pampu yake ni ya chuma tupu, kama kwenye zile Toyota HiAce tunazoziita Shark zenye injini ya 3L au 5L, umeme unaohitajika ni wa kufungua kile kivalvu cha kuruhusu mafuta, na huo ni kidogo sana. Baridi itakusumbua, moshi mweupe utawafukuza majirani, lakini ikisukumwa itaitika. Makanga waliokua kwenye hizo gari wana imani kubwa na mabega yao.

Imani hiyo inagonga ukuta ikikutana na HiAce ya D-4D. Ni dizeli vilevile, ni ya gia vilevile, lakini mafuta hayaingii mpaka presha ipande kwenye bomba la pamoja, na kompyuta ndiyo inayoamua kila injekta ifunguke lini. Kompyuta bila umeme ni kipande cha plastiki. Petroli ya kisasa ni hivyo hivyo: pampu ya mafuta imekaa ndani ya tangi na inaendeshwa na umeme, injekta ni za umeme, na kuna sensa inayosoma injini inavyozunguka ndipo cheche zitolewe. Kisha kuna imobilaiza: chipu kwenye ufunguo isiposomwa, hata msukume hadi Thika.

Kwa hivyo si kweli kwamba gari la kisasa la gia haliwezi kusukumwa likawaka. Watu husema hivyo kwa kurahisisha mambo. Kila kitu kinategemea kilichokufa ni nini. Kama ni stata imeungua, au betri imechoka tu, Probox au Subaru ya gia itawaka kwa kusukumwa bila maringo. Kama betri imekufa kabisa, mnafanya mazoezi. Kipimo ni dashibodi. Washa swichi bila kugusa stata: taa zikiwaka vizuri na ukasikia ule mlio mdogo wa pampu kwa nyuma, kuna matumaini. Taa zikiwa hafifu na zinazimika ukiwasha kitu chochote, usiwaite watu. Dashibodi ikiwa giza, tafuta kebo.

Na kuna magari mapya ambayo hata hayafiki kwenye kipimo hicho. Handibreki yake ni kidude cha umeme. Betri ikifa ikiwa imekaza, gari limefungwa pale pale. Mengine usukani unafungwa na mota. Utasukuma nini?

Kuhusu otomatiki nitasema machache, maana ndiyo mengi ya magari ya Nairobi yanayotoka Japani na ndiyo yanayopoteza nguvu za watu bure. Kwenye otomatiki ya kawaida, injini na giaboksi zinashikana kupitia mafuta, na pampu ya kusukuma mafuta hayo inaendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna kinachoshika kitu. Mnaweza kusukuma Vitz ya otomatiki kutoka Kariokor hadi Pangani na injini isijue kama imehama. Bado kila wiki kuna mtu anajaribu, na wanaosukuma hawamwambii chochote, kwa sababu malipo yao ni yale yale.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna watu wanaopata riziki katikati ya jambo hili. Mathree ambayo stata yake imekufa inaweza kufanya kazi wiki mbili hivyo hivyo. Mwenye gari anasema atairekebisha mwisho wa mwezi. Dereva anajifunza kutozima injini kutwa nzima, anakula mandazi injini ikinguruma, analipaki kwenye mteremko jioni. Ikizima kwenye foleni, makanga anaruka chini na abiria wawili wenye huruma. Na hesabu ya mwenye gari iko pale pale, iwe walisukuma mara moja au mara kumi. Dereva akikataa kutoka na gari kama hilo, kuna mwingine anasubiri ufunguo.

Mimi naona huo ni ukatili, na ni hatari kuliko watu wanavyodhani. Injini ikiwa imezima, breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Sasa fikiria gari la abiria limezima katikati ya mzunguko, malori yanashuka, na kijana wa miaka 20 yuko nyuma yake ameinamisha kichwa akisukuma. Hana kioo cha kumwonyesha kinachokuja. Stata ya kukarabatiwa pale Kirinyaga Road haizidi thamani ya miguu yake.

Je, kusukuma kunaharibu gari? Mafundi wanagawanyika, na wengi hujibu kulingana na gari walilozoea. Mara moja kwa dharura, hapana. Likiwa zoea, lina gharama. Kila mara injini inapozungushwa bila kuwaka, petroli mbichi inapita hadi kwenye bomba la moshi, na kwa gari la kisasa inakutana na kataliti. Ikiwakia humo ndani, joto linaiyeyusha. 504 yenye kabureta haikuwa na kitu hicho cha kuharibika. Jambo la pili ni mkanda wa taimingi. Gari lenye cheni halina wasiwasi sana. Lakini vijana wa Subaru zile za injini ya EJ, sikilizeni: hiyo ni ya mkanda, na mkanda uliochakaa ukipata mshtuko wa klachi kuachiliwa vibaya unaweza kuruka meno. Valvu zikikutana na pistoni, bei ya injini utaisikia ukiwa umekaa chini.

Kuna wakati mmoja ambao hupaswi kusukuma kabisa, liwe gari la babu au la jana. Wakati wa mafuriko ya 2024, magari mengi Nairobi yalizimikia ndani ya maji. Wazo la kwanza la kila mtu ni kulitoa na kulisukuma liwake. Lisukume litoke, sawa, likiwa halina gia. Lakini usiachilie klachi. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukutana na maji, konrodi ndiyo inayopinda. Plagi zitolewe kwanza, maji yatoke, na filta ya hewa iangaliwe.

Wenye nduthi wanatucheka kwenye haya yote. Boxer ikikataa, kuna kiki. Kiki ikigoma, mtu anakimbia nayo, anaruka juu, anaachilia klachi, ameenda. Ila hata huko mambo yanabadilika: pikipiki za umeme zinazopita kimya siku hizi hazina klachi wala gia ya kukimbilia. Betri ikiisha unaibadilisha kwenye kituo au unakokota.

Kama uko karibu kununua gari lako la kwanza, na mfuko unakuelekeza kwenye la gia lenye umri mkubwa, usiruhusu mtu akuuzie lenye stata mbovu kwa maneno kwamba "la gia ni rahisi, unasukuma tu". Atakayekuwa anasukuma ni wewe, saa tano usiku. Mwambie alizime, ulisubiri lipoe, kisha uliwashe mwenyewe. Nunua kebo za kujampu, zile nene, si zile nyuzi zinazouzwa kwenye foleni. Nyekundu inaunganisha chanya kwa chanya. Nyeusi inaanzia hasi ya betri nzima, na mwisho wake kwa gari lako unaushika kwenye chuma tupu cha injini mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi na cheche ni cheche.

Na ukikosa kebo, ukakosa gari la kukupa umeme, na dashibodi inaonyesha uhai, basi waite vijana. Patana bei kabla hujaachilia handibreki. Wao wanajua vizuri kwamba gari likiwaka dereva huwa na haraka ya ajabu, ndiyo maana watatu watakaa nyuma kusukuma na wa nne ataingia kiti cha mbele, afunge mshipi, akuambie twende.