Suala la Mfuatano katika Kuzijaribu Programu za Watenda

Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufundishwa mapema kwamba kiambishi -ka- huunganisha matukio yaliyofuatana. Asemaye "Juma alifika akaketi akala" hakutaja matukio matatu tu, bali ameahidi pia mpangilio wake: kuketi kulikuja baada ya kufika, na kula baada ya kuketi. Msikilizaji huipokea ahadi hiyo bila kudai ushahidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ugumu mkubwa wa kuzijaribu programu za kompyuta zilizoundwa kwa watenda ni ugumu wa -ka-. Mwandishi wa jaribio husimulia matukio kwa mfuatano ambao programu yenyewe haikuuahidi kamwe. Jaribio likapita leo, likapita kesho, na siku ya tatu likaanguka bila hata herufi moja ya programu kubadilishwa.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Programu za aina hii hutunza hesabu za fedha, huunganisha simu na hupeleka ujumbe baina ya watu. Anayesoma lugha ana la kuchangia humo, kwa kuwa swali la msingi, yaani ni lini twaweza kusema kwamba jambo hili lilitangulia lile, ni swali ambalo sarufi imekuwa ikilijibu tangu zamani.

Istilahi ya mtenda

Nadharia ya watenda ilitolewa mwaka 1973 na Carl Hewitt, Peter Bishop na Richard Steiger, waliokuwa watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts huko Marekani. Neno walilolichagua katika lugha yao lina maana mbili: mtu achezaye jukwaani, na mtu afanyaye jambo. Mfasiri wa Kiswahili akikimbilia maana ya kwanza atapata "mwigizaji", na hapo atakuwa amepotosha. Mwigizaji husema maneno aliyoandikiwa, kwa mfuatano uliopangwa na mwandishi wa mchezo. Kiumbe anayezungumziwa hapa hana mchezo ulioandikwa. Yeye hungoja kuambiwa, kisha hutenda kwa kadiri ya hali aliyo nayo. Neno "mtenda", ambalo wanaisimu wamelizoea katika uchambuzi wa sentensi, lakaribia zaidi maana iliyokusudiwa.

Mtenda, basi, ni sehemu ya programu iliyo na hali yake ya ndani isiyoguswa na mwingine yeyote. Mlango wake ni mmoja tu, nao ni sanduku la kupokelea jumbe. Hutoa ujumbe mmoja sandukuni, akaushughulikia hadi mwisho, ndipo atoe mwingine. Aupokeapo ujumbe aweza kufanya mambo matatu: kuwapelekea jumbe watenda anaowajua, kuumba watenda wapya, na kuamua atakavyoupokea ujumbe utakaofuata. Mfano ujulikanao sana ni lugha ya programu iitwayo Erlang, ambayo Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walianza kuiunda mwaka 1986 katika kampuni ya Ericsson huko Uswidi kwa ajili ya mitambo ya simu, na ambayo ilitolewa kwa umma mwaka 1998. Lugha hiyo haiwaiti watenda kwa jina hilo, lakini mwenendo wao ni huo huo.

Mipaka ya -ka-

Ndani ya mtenda mmoja, -ka- ina nguvu kamili: alipokea, akahesabu, akajibu. Baina ya watenda wawili haina nguvu hiyo. Mwaka 1978 Leslie Lamport alieleza jambo hili kwa ufasaha alipochunguza kompyuta zinazofanya kazi zikiwa mbali mbali. Tukio moja laweza kusemwa kuwa limetangulia jingine iwapo yote mawili yametokea mahali pamoja kwa kufuatana, au iwapo la kwanza ni kupeleka ujumbe na la pili ni kuupokea ujumbe huo huo, au iwapo pana mlolongo wa mahusiano ya namna hizo baina yake. Pasipo hayo, kusema "hili likatokea, kisha lile" ni kusema lisilo na msingi, hata kama saa ya ukutani yaonyesha tofauti.

Katika Erlang jumbe za mtumaji mmoja kwa mpokeaji mmoja hufika kwa mpangilio zilivyotumwa. Jumbe za watumaji wawili tofauti hazina ahadi hiyo. Idadi ya mipangilio inayowezekana hukua upesi mno. Watumaji wawili, kila mmoja akiwa na jumbe 3 kwa mtenda mmoja, huweza kuleta mipangilio 20; wakiwa na jumbe 10 kila mmoja, mipangilio ni 184,756. Watumaji watatu wenye jumbe 5 kila mmoja huleta mipangilio 756,756. Jaribio la kawaida, kila linapoendeshwa, huupitia mmoja tu kati ya hiyo yote, na mara nyingi ni ule ule.

Mfano wa akaunti

Tuchukue mtenda aitwaye Akaunti, ambaye hali yake ni shilingi 500. Watenda wengine wawili, wa kwanza na wa pili, wanataka kulipa shilingi 300 kila mmoja. Mwandishi wa programu amewafunza hivi: kwanza uliza salio, ukijibiwa kwamba latosha, lipa, kisha peleka ujumbe wa kuandika salio jipya. Kila mmoja hupeleka jumbe mbili, kwa hiyo mipangilio ya kufika kwake ni 6. Katika mipangilio 2, mmoja humaliza kabla ya mwenzake kuanza, na yule wa pili hukataliwa kama ipasavyo. Katika mipangilio 4 iliyobaki, wote wawili huuliza kabla ya yeyote kuandika. Kila mmoja huambiwa 500, kila mmoja hulipa 300, na kila mmoja huandika 200. Shilingi 600 zimetoka, 200 zimebaki, na jumla imekuwa 800 mahali palipokuwa na 500.

Kasoro ya namna hii yafaa iitwe kasoro ya kutanguliana, kwa kuwa matokeo yake hutegemea nani amemtangulia nani. Yapasa ikumbukwe kwamba utaratibu wa watenda haukuizuia. Hakuna aliyeigusa hali ya Akaunti kwa mkono wake, na kila ujumbe ulishughulikiwa peke yake. Kosa lilikuwa katika kuyatenganisha maulizo na maandishi. Iwapo ujumbe ungekuwa mmoja, "toa 300", na uamuzi ukaachiwa Akaunti mwenyewe, mipangilio yote ingeleta jibu la haki.

Hata hivyo, jaribio la kawaida halitaiona kasoro hii. Kwenye kompyuta ya mwandishi mtenda wa kwanza huumbwa kwanza, naye huwahi kumaliza. Jaribio hupita mara elfu, na mwandishi huamini. Siku programu ikipewa kazi nyingi kwenye kompyuta kubwa, mpangilio mwingine hutokea, na fedha hupotea.

Dawa isiyotibu

Waandishi wengi wa majaribio, wakisumbuliwa na majaribio yanayoanguka ovyo, huagiza jaribio lilale kwa muda, tuseme nusu sekunde, ili watenda wamalize kazi ndipo matokeo yatazamwe. Dawa hii ina madhara mawili. Kompyuta ikilemewa, nusu sekunde haitoshi, na jaribio huanguka pasipo kosa. Ikiwa nyepesi, muda hupotea bure: majaribio 2,000 yakilala nusu sekunde kila moja, yakiendeshwa moja baada ya jingine, ni sekunde 1,000 za usingizi, yaani zaidi ya robo saa. Na kilicho kibaya zaidi, usingizi huzidi kuuimarisha mpangilio ule mmoja uliozoeleka, ukaificha mingine.

Mbinu zifaazo

Mbinu ya kwanza ni kuutenga uamuzi na upelekaji wa jumbe. Kanuni isemayo "kwa hali hii na ujumbe huu, hali mpya na majibu ni haya" yaweza kuandikwa peke yake na kujaribiwa bila mtenda wala sanduku. Sehemu kubwa ya makosa hupatikana hapo, ambapo -ka- bado ni halali.

Mbinu ya pili ni kungoja ujumbe badala ya kungoja muda. Jaribio lenyewe hujifanya mtenda, likapeleka swali na kungoja jibu kwa kikomo cha sekunde kadhaa. Kikomo si usingizi: jibu likifika mara moja, jaribio huendelea mara moja. Ni pale tu jibu lisipofika kabisa ndipo kikomo hutimia na kosa kutangazwa.

Mbinu ya tatu yahusu kuthibitisha kwamba ujumbe fulani umekwisha shughulikiwa hata kama hauna jibu. Kwa kuwa jumbe za mtumaji mmoja kwa mpokeaji mmoja hazipitani, jaribio hupeleka ujumbe ule usio na jibu, kisha hupeleka swali jepesi lenye jibu. Jibu la swali likirudi, ujumbe wa kwanza umekwisha pita, maana mtenda hutoa ujumbe mmoja mmoja sandukuni kwa zamu. Hapa -ka- imepatikana kwa haki, kwa ushahidi wa ujumbe na si kwa kukisia saa. Mbinu hii haina budi kutumiwa kwa uangalifu katika Erlang, ambako mtenda aweza kuandikwa achague ujumbe wa aina fulani na kuuacha mwingine ungoje.

Mbinu ya nne, ambayo ndiyo yenye uzito zaidi, ni kumnyang'anya mpangaji zamu mamlaka yake. Mpangaji zamu ni ile sehemu ya mfumo inayoamua ni mtenda yupi atakayefuata. Jaribio likiishika kazi hiyo, laweza kuchagua zamu kwa kubahatisha, kuandika kila lilichochagua, na kukirudia vile vile pale kosa linapopatikana. Kosa lisiloweza kurudiwa ni fununu tu, na fununu haitengenezeki.

Ushahidi kutoka Uswidi

Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes, wa Chuo Kikuu cha Chalmers mjini Göteborg, walitoa chombo kiitwacho QuickCheck. Mtumiaji wake haandiki mifano. Huandika sifa ambayo lazima iwe kweli, na chombo hubuni mifano mingi kwa kubahatisha. Mfano ukiangusha sifa, chombo huupogoa hadi kibaki kijimfano kidogo ambacho binadamu aweza kukisoma na kukielewa. Mwaka 2009 Claessen na wenzake waliongeza mpangaji zamu wa kubahatisha kwa ajili ya Erlang, ambaye wamemwita PULSE. Programu huagizwa maombi kadhaa kwa wakati mmoja, kisha majibu huchunguzwa: je, upo mpangilio wowote wa kufanya maombi hayo moja moja ambao ungeleta majibu yaliyopatikana? Ukikosekana, programu imekosea.

Mwaka 2011 Hughes na Hans Bolinder waliutumia utaratibu huo kuichunguza dets, sehemu ya Erlang ihifadhiyo kumbukumbu kwenye diski na ambayo hazina ya data iitwayo Mnesia huitegemea. Ilijulikana tayari kwamba dets huharibika mara chache ikiwa kazini, lakini sababu haikujulikana. Kasoro tano za kutanguliana zilipatikana, na mbili kati yake ziliweza kuwa ndizo chanzo cha uharibifu ulioshuhudiwa. Kasoro hizo zilikuwamo katika programu iliyokwisha tumiwa kazini. Hazikuhitaji muda zaidi wa matumizi ili zionekane, bali zilihitaji mpangilio mwingine.

Fundisho hili latiwa nguvu na tukio la tarehe 14 Agosti 2003, umeme ulipokatika katika sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki ya Marekani na Ontario, Kanada, na watu wapatao milioni 50 wakaathirika. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa kasoro ya kutanguliana iliyonyamazisha mfumo wa tahadhari katika chumba cha uendeshaji huko Ohio, wasimamizi wasijue kwamba njia za umeme zilikuwa zikianguka. Programu ile haikuwa ya watenda, lakini kasoro ni ya ukoo mmoja. Na ilikuwa imefanya kazi kwa zaidi ya saa milioni 3 bila kujitokeza. Usemi wa kale kwamba majaribio huonyesha kuwapo kwa makosa wala hayathibitishi kutokuwapo kwake, ambao Edsger Dijkstra aliusisitiza sana, wapata hapa ushahidi mzito.

Hitimisho

Sarufi ya Kiswahili ina njia nyingine ya kusema, nayo ni hu-. Asemaye "mvua hunyesha masika" hasimulii tukio la siku moja. Ataja tabia idumuyo. Jaribio linaloandikwa kwa -ka- husema: wa kwanza alilipa, akaandika, wa pili akaja, akakataliwa. Jaribio linaloandikwa kwa hu- husema: fedha zilizolipwa zikijumlishwa na salio huwa 500, vyovyote jumbe zitakavyofika. La kwanza ni kisa, na kisa kimoja kati ya mamia ya maelfu hakithibitishi mengi. La pili ni sheria, na sheria yaweza kupambanishwa na kila mpangilio uwezao kubuniwa.

Kazi iliyopo mbele ya wanaisimu si kuunda istilahi tu, ingawa mtenda, mpangaji zamu na kasoro ya kutanguliana zahitaji kujadiliwa na kusanifiwa. Wanafunzi wanaoandika programu hawana budi kuzoezwa kujiuliza, kila wanapotaka kutumia -ka-, ni ujumbe gani unaowapa ruhusa hiyo. Ukikosekana ujumbe, mfuatano haupo.