Hosta ya Binti Yangu

Kila nimwambiapo binti yangu kwamba sitaki kipande cha hosta yake, hunyamaza kwenye simu. Yeye yuko Minnesota, Marekani. Mimi niko Limuru. Hosta hiyo, aina iitwayo Sagae, ameitunza miaka sita chini ya mti ulio nyuma ya nyumba yake, nami niliiona nilipomzuru: majani mapana ya kijani kibuluu, yenye rangi ya malai pembezoni, yamesimama kama masikio ya ng'ombe. Ni nani asiyeitamani?

Lakini tusidanganyane, msomaji. Kivuli tunacho tele hapa Limuru, na mvua si haba. Kinachokosekana ni usingizi. Mmea huu, ambao asili ya jamii yake ni Japani, Korea na Uchina, hupukutisha majani yote majira ya baridi yaingiapo, ukalala ardhini kwa wiki nyingi, ndipo uchipuke kwa nguvu mpya. Usipolala hudhoofika mwaka baada ya mwaka. Baridi yetu ya Julai, hata ikitutetemesha, haitoshi kuulaza. (Konokono wetu, bila shaka, wangeshukuru kuupata.)

Binti yangu hadhani kwamba nazungumzia mimea. Huona kwamba nimekataa kitu chake. Nimemwomba anitumie picha kila Mei, machipukizi yachomozapo udongoni kama ncha za mikuki. Ya mwaka huu haijafika.