Kabla ya Kulipia Kiwanja, Uliza Kinaruhusiwa Kufanyiwa Nini

Wapo wananchi wanaofika kituoni wakiwa na karatasi iliyokunjwa vizuri, yenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa LC 1. Fedha zimekwisha kulipwa, matofali yamekwisha kupakuliwa, na sasa ukuta mpya umechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Swali lao huwa lile lile: "Afande, si nilikinunua kihalali?"

Mara nyingi ni kweli, alinunua kwa mwenye ardhi halisi. Ila hati ya mauziano hueleza nani ameuza na nani amenunua. Haielezi kiwanja hicho kinaruhusiwa kujengwa nini, au kama kinaruhusiwa kujengwa kabisa.

Arua ilipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na mashamba ya mihogo ya jana yakajikuta ndani ya mipaka ya jiji. Hata nje ya mji hakuna pa kukimbilia, kwani Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumwona ni afisa mipango wa jiji, manispaa au wilaya. Mwombe akuonyeshe kiwanja hicho kwenye ramani: je, ni cha makazi, cha biashara, au barabara imepangwa kupita hapo?

Kisha tazama maji. Kando ya Nile na mito mingine mikubwa iliyoorodheshwa, kanuni za mazingira za mwaka 2000 hulinda mita 100 kutoka ukingoni. Kwa mito midogo ni mita 30. Ardhioevu, mito na misitu ya hifadhi hushikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi, na hakuna ukoo wenye mamlaka ya kuziuza. Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana viwanja vya bondeni karibu na Enyau au Kochi hutembezwa wakati wa kiangazi. Nenda ukakione mvua inaponyesha. Kagua pia hifadhi ya barabara kuu ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, na njia ya umeme wa msongo mkubwa.

Ardhi yetu nyingi ni ya kimila na haina hati miliki. Ukienda kupekua daftari katika ofisi ya ardhi ya kanda pale Arua na usikute kitu, usidhani kiwanja ni huru. Uliza wazee wa ukoo, majirani wa pande zote nne na kamati ya ardhi ya eneo. Ikiwa familia inaishi hapo au inakula kutoka hapo, mke au mume wa muuzaji lazima aridhie. Bila ridhaa hiyo mauzo ni batili.

Kwa ndugu zetu wa Sudan Kusini na Kongo: Katiba ya mwaka 1995 humruhusu asiye raia kupangishwa ardhi tu, na sheria huweka muda usiozidi miaka 99. Baadhi huandikisha kiwanja kwa jina la rafiki Mganda. Rafiki huyo akifariki, mjane na watoto wake watakuwa na karatasi, nawe utabaki na kumbukumbu.

Polisi wana sehemu yao. Muuzaji aliyekudanganya kwa makusudi ili apate fedha zako ametenda jinai, na anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Lakini ikiwa hakukudanganya nawe hukuuliza, hatuna wa kumkamata, wala hatuwezi kuizuia halmashauri kubomoa kwa mujibu wa sheria. Ukishuku udanganyifu, fika kituoni mapema ukiwa na hati ya mauziano, stakabadhi za malipo na majina ya mashahidi. Kufungua malalamiko hakulipiwi.