Je, Wajua? Yesu msalabani alichelewa kuchongwa

Wachongaji wa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, wengi wao Wamakonde, hutumia mpingo, mti mzito kiasi cha kuzama majini. Ukimkuta Msulubiwa wa mpingo, kumbuka kwamba Wakristo wa kwanza wasingethubutu kumchonga hivyo.

Msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi katika dola ya Roma, aibu isiyotajwa mezani. Miongoni mwa michongo ya kale zaidi ya Yesu akisulubiwa ni ule wa mlango wa mbao wa kanisa la Santa Sabina, Roma, wa karne ya 5: takribani miaka 400 baada ya kifo chenyewe. Hapo macho yake yako wazi. Ilibidi kungoja hadi karne ya 10 kupata Msalaba wa Gero, ulioko Köln, Ujerumani. Yesu aliyechongwa hapo amekufa kweli: kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, tumbo limetokeza kwa uzito wa mwili.

Kwangu, hapo ndipo sanaa iliifikia Injili. Imani ya Kikristo haisifu maumivu. Yesu mwenyewe aliomba kikombe cha mateso kimwepuke. Imani hiyo inasifu upendo uliokubali kubaki msalabani kwa ajili ya wengine. Ndiyo maana Ijumaa Kuu, siku ambayo Wakatoliki hawaadhimishi Misa, waumini hujipanga mmoja mmoja kuubusu msalaba, akiwemo mama aliyetoka kumuuguza mwanawe usiku kucha.